Viti Vitano

Giaboksi ya Variorex ilikuwa na gia kumi za mbele. Kumi! Hii ni mwaka wa 1938, wakati lori la kawaida lilikuwa na nne. Ilivyofanya kazi ni hivi: dereva anachagua gia anayoitaka kwa kijiti kidogo kabla hajaihitaji, halafu akifika pa kubadilisha anakanyaga klachi tu, na vakyumu inayovutwa na injini inamalizia kazi. Gia inaingia yenyewe. Mimi riziki yangu ni giaboksi. Nimezifungua Grogan miaka kumi na tisa sasa, za matatu, za malori ya mchanga, za magari ya wakubwa yanayoletwa jioni ili majirani wasijue yameharibika. Nikiutazama mchoro wa Variorex naona kabisa pahali itakapokufia. Kitu chochote kinachotegemea vakyumu kinataka mipira isiyopasuka na vali zisizo na uchafu, na kifaru hakiishi mahali pasafi.

Ndiyo, kifaru. Giaboksi hiyo ilitengenezwa na Maybach na kufungwa kwenye Panzer III, kifaru cha uzito wa kati ambacho Wajerumani walianza nacho Vita vya Pili vya Dunia. Nilikijua kwa njia ya kawaida ya Nairobi. Kitabu kikubwa cha Kiingereza, kimelala kwenye gunia kando ya Tom Mboya Street katikati ya Biblia na vitabu vya uhasibu, jalada limetoka, shilingi mia na hamsini. Nilikifungua nikakuta mchoro wa kifaru kilichokatwa kama embe, matumbo yote nje: injini nyuma, shafti ndefu ikipita chini ya sakafu, giaboksi mbele karibu na miguu ya dereva. Nilikuwa nimetumwa mjini kununua oili sili. Nikarudi gereji na oili sili na kitabu.

Watu wakisikia kifaru cha Kijerumani wanafikiria Tiger, kama vile mtu akisikia gari la Kijerumani anawaza Mercedes nyeusi. Tiger ni kelele. Panzer III ndicho cha fundi, kwa sababu ukikisoma toleo kwa toleo unawaona watu wakijifunza kazi mbele ya macho yako, wakikosea, wakifungua, wakifunga upya.

Mkataba wa Versailles wa 1919 ulikuwa umewakataza Wajerumani kuwa na vifaru. Wakafanya majaribio kwa siri Kazan, ndani ya Muungano wa Kisovieti, kuanzia 1929 hadi 1933. Hitler alipoingia madarakani siri ikaanza kuwa ya nusu nusu. Kazi ya kifaru hiki ilipoanza katikati ya miaka ya 1930 kiliitwa ZW, yaani gari la kiongozi wa platuni, jina la kumpoteza msikilizaji. Uzito usipite tani 24, kwa sababu ya madaraja. Daimler-Benz wakashinda kandarasi. Mpango ulikuwa Panzer III ipigane na vifaru vya adui, na ndugu yake Panzer IV, mwenye mzinga mfupi wa milimita 75, afuate nyuma akivunja maboma na kusaidia. Shikeni hapo, kwa sababu mpango huo ulikuja kupinduka.

Sasa springi. Hapa mtanivumilia. Toleo la kwanza, A, lilikuwa na magurudumu makubwa matano kila upande na springi za koili. Yalitengenezwa kumi tu. Hayakufaa. Toleo B likaja na magurudumu madogo manane kila upande na springi za bapa, zile kama za pikapu. Hayakufaa. C, springi za bapa zikapangwa upya. D, zikapangwa tena. Matoleo manne, vifaru vichache vichache, na kila mara mtu fulani Berlin analala chini ya chuma akitazama juu na kusema hapana. Nawajua watu wa namna hiyo. Mteja wao huwa analalamika nje, anasema gari limekaa wiki ya tatu.

Halafu toleo E, 1938, wakaipata: tosheni baa. Fito za chuma zinazolala chini ya sakafu kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Gurudumu likipanda jiwe, fito inasokoteka, ikirudi inalisukuma gurudumu chini. Magurudumu sita kila upande, na ya kushoto hayalingani sawasawa na ya kulia, kwa sababu fito zake zimepangwa kandokando chini ya sakafu moja. Vifaru vingi vilivyokuja baadaye, vya nchi nyingi, vilikwenda kwa tosheni baa. Ukimwona leo mtu ameinama chini ya pikapu ya Hilux ya zamani pale Kirinyaga Road akikaza boliti ya tosheni ili mbele inyanyuke, ni kazi ile ile.

Na Variorex? Ilisumbua, kama nilivyosema. Toleo H wakaing'oa, wakaweka giaboksi ya gia sita, ya kawaida, ya mkono. Kila nikifika ukurasa huo nacheka peke yangu.

Kulikuwa na ugomvi wa mzinga pia. Guderian na wenzake wa vifaru walitaka milimita 50. Wakubwa wa silaha wakasema askari wa miguu wana wa 37, risasi zake ziko tayari, tusianze kuchanganya stoo. Hoja ya stoo si ya kijinga, muulize yeyote mwenye duka la spea. Walikubaliana hivi: mzinga uwe wa 37, lakini ile pete ya chuma ambayo tareti, yaani kichwa cha kifaru, inazungukia juu yake, ikatwe pana kiasi kwamba wa 50 utaingia siku ukihitajika. Pete yenye kipenyo cha kama mita moja na nusu. Kweli, 1940 mizinga ya 50 ikaanza kufungwa bila kubuni kifaru upya.

Lakini sababu ya mimi kukipenda si springi wala pete. Ni viti.

Panzer III ilikuwa na viti vitano. Dereva mbele kushoto, mtu wa redio kulia kwake. Ndani ya tareti watatu: mpiga mzinga, mpakiaji, na kamanda nyuma juu, na kibanda chake kidogo chenye matundu ya kutazamia pande zote. Kamanda hapakii. Halengi. Kazi yake ni kuona, kuamua na kusema. Na kila mtu anamsikia kwa sababu wamevaa vifaa vya masikioni, na maikrofoni imefungwa kooni, inachukua mtikisiko wa koo lenyewe ili kelele ya injini isiingie. Kila kifaru kina redio, kwa hiyo vinasikilizana pia kimoja na kingine.

Wafaransa wakati huo walikuwa na vifaru vyenye deraya nene kuliko hivyo. Somua, Hotchkiss, Char B1 bis. Lakini katika tareti ya Kifaransa alikaa mtu mmoja. Huyo huyo atazame adui, apakie, alenge, afyatue, na aongoze dereva. Kama ni mkubwa wa platuni, aongoze na wenzake, na Hotchkiss nyingi hazikuwa na redio. Kwenye Char B1 dereva naye alikuwa anaendesha huku akilenga mzinga wa milimita 75 uliofungwa mbele. Hebu fikiria matatu ya Rongai saa kumi na mbili jioni, dereva ndiye anayeita abiria, ndiye anayekusanya nauli, ndiye anayerudisha chenji, na bado anatakiwa aone polisi kabla polisi hajamwona. Hata gari liwe jipya namna gani.

Deraya ilikuwa na faida yake, nisidanganye. Tarehe 16 Mei 1940, kijiji cha Stonne, Char B1 moja iliyoitwa Eure, chini ya kapteni Pierre Billotte, iliingia kijijini peke yake, ikaharibu vifaru 13 vya Kijerumani vilivyojipanga barabarani, vingi vikiwa Panzer III, ikatoka na alama za kupigwa kama 140 bila hata moja kupenya. Mzinga wa 37 ulikuwa unabisha hodi tu. Lakini huyo alikuwa Billotte, na Stonne ilikuwa barabara moja. Kwa jumla ya wiki zile sita, upande ulioweza kuongea ndio uliofika haraka pale ulipotakiwa, na ulifika na Panzer III takriban 350 tu kati ya vifaru karibu 2,500.

Somo hili nililichukua nikalipeleka gereji. Zamani tulikuwa tunafanya kazi kama Wafaransa: kila fundi na gari lake, anafungua mwenyewe, anakimbilia spea mwenyewe, anaongea na mteja akiwa na grisi hadi kwenye nyusi. Nikawapanga vijana. Mmoja anafungua, mmoja anaosha na kupanga vipande kwenye kitambaa kwa utaratibu wa kutoka, mmoja spea, mmoja simu na wateja, mimi napima na kuamua. Watu watano. Kila mtu aseme kwa sauti anachofanya. Wateja wapya huwa wanashangaa, wanadhani tunagombana. Giaboksi iliyokuwa inachukua siku tatu ikachukua moja na nusu. Nimelipa karo za shule kwa mpango huo. Juu ya dawati, kando ya kitabu cha risiti, nina kifaru kidogo cha plastiki, saizi ya mkate nusu, kijana mmoja wangu aliniletea kutoka Mombasa. Mteja akiuliza, namweleza hadi ajute.

Hadithi iliyobaki nilizoea kuieleza haraka. Walikuwa wameandaa vifaru visivyoingia maji ili wapite chini ya bahari kuivamia Uingereza, kila kimoja na bomba refu la mpira la kuvuta hewa na boya juu. Uingereza haikuvamiwa. Vifaru hivyo vikatumika kuvuka mto Bug, tarehe 22 Juni 1941, asubuhi Urusi ilipovamiwa, vikitembea chini ya maji hadi ng'ambo. Kiangazi hicho Panzer III karibu elfu moja zilikuwa vitani. Wakakutana na T-34. Deraya yake ilikuwa imelazwa kwa pembe, na mzinga mfupi wa 50 haukuifanya kitu kwa mbele. Wakaweka wa 50 mrefu. Kidogo afadhali. Walichohitaji ni wa 75 mrefu, na hapo ndipo pete ikakataa. Ile ile pete iliyokuwa imekatwa kwa busara ya miaka saba mbele haikuwa na busara ya mwaka wa nane. Panzer IV pete yake ilikuwa kubwa zaidi kidogo tu, na kidogo hicho kikatosha. Basi msaidizi akawa mpiganaji, na mpiganaji akapewa mzinga mfupi wa zamani wa msaidizi, akafuata nyuma ya Tiger akiwatazama askari wa miguu. Agosti 1943 Panzer III ya mwisho ikatoka kiwandani, baada ya takriban 5,700. Chasisi iliendelea: wakaondoa tareti, wakafunga mzinga kwenye mwili, wakaiita StuG, na hizo wakazitengeneza hadi vita vikaisha. Nyingi zilitoka Berlin, katika viwanda ambako sehemu ya wafanyakazi walikuwa watu wa nchi zilizotekwa, walioletwa kwa nguvu.

Hiyo ndiyo ilikuwa hadithi yangu, na niliipenda jinsi ilivyokaa.

Binti yangu yuko kidato cha tatu. Mwaka jana alipewa kazi ya historia, vita vya dunia, kurasa kumi, akaja gereji Jumamosi kwa sababu anajua baba yake hanyamazi. Nikamweleza yote, springi, viti, kila kitu. Aliandika vizuri tu. Halafu akauliza, bila ujanja wowote, "Na sisi tulikuwa wapi, Baba?"

Swali hilo nilikuwa na jibu lake. Nikamwambia juu ya keya waliopigana na Waitaliano Uhabeshi mwaka wa 1941, na waliopelekwa Burma baadaye. Nikamwambia kuwa maelfu ya watu wa huku, waliojuana kwa Kiswahili kabila kwa kabila, walipelekwa Misri na Libya kama mapaonia, kuchimba, kubeba, kujenga barabara na kupakua meli, upande wa nyuma wa vita vile vile ambavyo Panzer III za Rommel zilikuwa upande wa mbele. Kwa hiyo tulikuwepo, nikasema. Tulikuwepo na majembe.

Akachukua simu. Watoto wa siku hizi hawabishani na wewe, wanatafuta. Baada ya muda akaniwekea simu juu ya dawati.

Zilikuwa picha chache za rangi ya kijivu, kutoka albamu ya askari mmoja wa vifaru wa Kijerumani, zilizojulikana kwa umma miaka ya karibuni tu. Wanaume Waafrika wamesimama kwenye uwanja. Vifaru vimewaelekea. Halafu wamelala.

Mahali panaitwa Chasselay, karibu na Lyon. Nimesoma sana tangu siku hiyo, kwa hiyo nieleze kwa utaratibu. Jeshi la Ufaransa lilikuwa na askari kutoka Afrika Magharibi walioitwa Tirailleurs Sénégalais, ingawa wengi hawakuwa wa Senegal. Kikosi chao cha 25 kiliamriwa kuzuia njia za kuingia Lyon, wakati mji wenyewe ulikuwa umekwisha tangazwa kuwa hautatetewa. Walipigana tarehe 19 na 20 Juni 1940. Risasi zikaisha, wakajisalimisha. Wafungwa weupe wakatengwa upande mmoja. Weusi, kama 50, wakapelekwa uwanjani, na vifaru vikawapiga kwa rashasha. Walionusurika waliona minyororo ikipita juu ya watu. Siku mbili baadaye Ufaransa ilitia sahihi kusimamisha vita. Kwa miaka mingi watu walisema ni SS, kana kwamba SS ilikuwa kabila lingine. Picha zinaonyesha vifaru vya jeshi la kawaida. Na Chasselay haikuwa peke yake. Mwanahistoria Raffael Scheck ameandika kitabu kizima juu ya mauaji ya namna hiyo katika wiki zile.

Kitu kilichonikaa si kwamba Wanazi waliua. Hilo nililijua, nani hajui. Ni mpango wa ndani. Bunduki ya rashasha ya mbele katika Panzer III ni ya mtu wa redio. Za tareti ni za mpiga mzinga. Kamanda anaona, anaamua, anasema, na maikrofoni iko kooni, kwa hiyo hata akisema polepole wanasikia. Ule utaratibu niliokuwa nikiusifu mbele ya wateja, kila mtu kiti chake, kila mtu sikio, ulibuniwa na watu waliofikiria kwa makini sana juu ya mtu wa ndani: magoti yake yatakaa wapi, atatokea mlango gani gari likishika moto, atamsikiaje mwenzake. Sijaona gari la wakati ule lililowajali watu wake hivyo. Na kujali huko kulikuwa na unene wa milimita 30. Baada ya hapo ni uwanja.

Watu wa michezo ya vita kwenye kompyuta, ninaozungumza nao usiku, wananiambia kifaru hakina kosa, ni chuma. Mimi ni fundi, siwezi kusema hivyo kirahisi. Ukitengeneza kitu unajua kinakwenda wapi. Mtu akiniletea giaboksi ya gari ninalolijua ni la wizi, kufunga boliti vizuri hakunisafishi. Lakini pia siwezi kujifanya kwamba tosheni baa ni mbaya, au kwamba vijana wangu warudi kufanya kazi kila mtu peke yake ili mimi nilale vizuri. Bado tuko watano. Bado tunasema kwa sauti. Nilichoacha ni kuwaambia wateja nimelitoa wapi, isipokuwa nikiwa na muda wa kumaliza na Chasselay. Wengi hawana muda huo. Wanataka gari.

Pale Chasselay kuna makaburi ya askari hao, karibu 200, ndani ya kuta nyekundu zilizojengwa kwa mtindo wa Afrika Magharibi. Yalizinduliwa Novemba 1942, na udongo uliletwa kwa ndege kutoka Dakar. Nimeyaona kwenye simu tu. Kwenye mawe kadhaa hakuna jina.

Binti yangu aliomba ule mchoro wa kifaru kilichokatwa, abandike kwenye kazi yake. Ukurasa ulikuwa umekwisha toka kwenye gundi siku nyingi, nikampa. Usiku nikamkuta mezani na kalamu ya wino. Ndani ya kifaru aliandika kwa Kiswahili, kwa herufi ndogo safi, dereva, mtu wa redio, mpakiaji, mpiga mzinga, kamanda. Nje, kwenye nafasi nyeupe mbele ya rashasha, alikuwa anachora watu wamesimama, mmoja mmoja, hana haraka, akiwahesabu kwa midomo. Nafasi ilimwishia kwenye kumi na saba. Akageuza karatasi, akaendelea upande wa nyuma.